Betri ya simu haiuliwi na kuchajiwa mara nyingi, inauliwa na joto na kukaa imejaa

Kama bado unasubiri simu izime yenyewe ndio uchomeke chaja, tafadhali acha leo leo. Na ule ushauri wa simu mpya ichajiwe masaa nane kabla hujaiwasha nao uache. Hayo yalikuwa mambo ya betri za zamani za nikeli, zile za simu nene za miaka ya 1990, ambazo ukizichaji nusu nusu kila siku zilikuwa zinazoea na kuanza kujifanya zimeisha mapema. Simu na tableti za sasa zinatumia lithiamu ayoni, aina ambayo Sony walianza kuiuza mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Nobel ya kemia kwa kazi yao ya kuifikisha hapo ilipo. Hii haina huo mchezo wa kuzoea. Ina maadui wake wengine, na wakubwa ni wawili: joto, na kukaa muda mrefu kwenye ncha, yaani imejaa pomoni au imeisha kabisa. Ukishawajua hao wawili maswali mengi ya kuchaji utayajibu mwenyewe.

Betri inachokaje

Watu wakisema "betri yangu mbovu" mara nyingi wanachanganya vitu viwili. Kuna chaji ya leo kuisha haraka, hapo shida inaweza kuwa apu fulani au mtandao unasumbua na betri haina kosa lolote. Halafu kuna betri yenyewe kuchoka, yaani hata ikiandika 100 hiyo mia yake ni ndogo kuliko mia ya siku ya kwanza. Dawa zake ni tofauti, kwa hiyo jua kwanza unapambana na ipi. Tuanze na hii ya kuchoka.

Ndani ya betri kuna pande mbili, mmoja una grafaiti na mwingine una madini yenye lithiamu. Ukichaji, chembe za lithiamu zinahamia kwenye grafaiti, ukitumia simu zinarudi zilikotoka. Sasa juu ya ile grafaiti huwa kunajijenga utando mwembamba sana ambao kwa kweli unaikinga betri, shida yake ni kwamba unazidi kunenepa kidogo kidogo na kila unaponenepa unanasa lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Ndio maana hata simu uliyoizima ukaiweka kabatini inazeeka, polepole lakini inazeeka, na joto ndilo linaloukimbiza huo utando kuliko kitu kingine.

Kuhusu kutumika, betri inahesabiwa kwa mizunguko, na mzunguko mmoja sio kuchomeka chaja mara moja. Mzunguko ni asilimia 100 zilizotumika kwa jumla. Leo umetumia 60 ukachaji, kesho ukatumia 40 ukachaji, hapo umemaliza mzunguko mmoja tu japo umechomeka mara mbili. Kwa hiyo kuchomeka kidogo kidogo mchana, dakika kumi hapa ishirini pale, hakuiumizi betri hata kidogo, tena inaipenda hiyo kuliko kushuka mpaka 2 halafu kupanda mpaka 100 kila siku. Apple wenyewe wanasema iPhone 14 na za nyuma yake zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, iPhone 15 kuendelea ni mizunguko 1000, na iPad pia 1000. Umoja wa Ulaya nao tangu tarehe 20 Juni 2025 wanataka simu na tableti mpya zinazoingia soko lao zibaki na angalau 80 baada ya mizunguko 800. Kwa mtu anayemaliza mzunguko mmoja kwa siku, 800 ni zaidi ya miaka miwili. Sio betri za kuziogopa ogopa.

Joto, hapa ndio pa kukaza

Kama una nafasi ya kushika jambo moja tu kwenye maandishi haya yote, shika hili la joto. Kuna vipimo vya betri za aina hii vinavyotajwa sana, ziliwekwa tu bila kutumika mwaka mzima: iliyowekwa ikiwa na chaji ya asilimia 40 kwenye nyuzi 25 ilibaki na takribani 96 ya uwezo wake, iliyowekwa imejaa 100 kwenye nyuzi hizo hizo 25 ilibaki na kama 80. Ukipandisha joto mpaka nyuzi 40, ile yenye chaji ya asilimia 40 inabaki na 85 na ile iliyojaa inashuka mpaka 65 hivi. Yaani imejaa, imepata joto, imekaa tu haijafanya kazi yoyote, na imepoteza theluthi nzima. Maadui wawili wakikutana sehemu moja ndio matokeo yake hayo.

Sasa angalia simu yako inapatia wapi joto. Juu ya dashibodi ya gari kwenye jua, hapo ni pabaya kuliko pote, ndani ya gari lililofungwa joto linapita 50 bila shida. Chini ya mto kitandani huku inachaji, joto halina pa kutokea (na hapo kuna hatari ya moto pia, sio betri kuzeeka tu). Kava nene la mpira wakati wa kuchaji. Kucheza gemu nzito au kupiga video ndefu huku waya umechomekwa, maana prosesa inatoa joto na kuchaji kunatoa joto na yote yanaangukia betri ile ile. Na chaji isiyo na waya, ile ya kulaza simu juu ya kisahani, inapoteza nguvu nyingi zaidi njiani na hizo zinazopotea zinageuka joto, usipoilaza sawasawa katikati ndio zaidi.

Kipimo chako ni mkono. Ishike mgongoni ikiwa inachaji, uvuguvugu ni kawaida, lakini ukisikia inaunguza kiasi kwamba unataka kuihamisha mkono, chomoa, vua kava, iweke kwenye sakafu au meza ngumu yenye kivuli, funga gemu, subiri. Usiiweke kwenye friji! Nawaomba sana, ubaridi wa ghafla unaleta unyevu ndani ya simu na unyevu huo ukifika kwenye saketi umetoka kwenye tatizo dogo umeingia kubwa. Kwa upande wa pili, aliyeko kwenye baridi kali asichaji simu ikiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu inashindwa kuingia kwenye grafaiti inaganda juu yake kama chuma, na huo uharibifu haurudi. Aiingize ndani ipate joto la chumba kwanza ndio achomeke. Chaji kushuka ghafla kwa sababu ya baridi, hiyo inarudi ikipata joto, isikutishe.

Kujaa na kuisha

Seli, yaani betri yenyewe ya ndani, ikiwa imejaa volti zake ziko kama 4.2, simu nyingi za siku hizi zinapanda mpaka 4.4 na zaidi kidogo. Kwenye volti hizo za juu kemia ya ndani inachangamka na uchakavu unaenda mbio, ndio maana ule ushauri wa kukaa kati ya 20 na 80 una ukweli. Lakini naona watu wanaugeuza utumwa, mtu anaamka usiku kuchomoa simu ikifika 80, mwingine yuko safarini anajinyima asilimia 20 ambazo angezihitaji jioni. Hapana jamani. Betri ni ya kukutumikia wewe. Siku unayoihitaji ijaze 100 na uondoke nayo, kwa sababu kufika 100 hakuna madhara makubwa, madhara ni kukaa hapo 100 masaa na masaa, hasa kwenye joto.

Badala ya kuamka usiku, iache simu ijisimamie. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, utafute pa kuweka kikomo cha kuchaji. iPhone 15 na kuendelea zina kikomo cha 80, na kuanzia iOS 18 (programu inayoendesha iPhone) unaweza kuchagua 80, 85, 90 au 95. Samsung wanaita ulinzi wa betri, Pixel, simu za Google, nazo zinayo, na Android nyingine nyingi majina yanatofautiana ila ukitafuta neno betri halafu kuchaji utaipata. Kama kazi zako za siku haziifikishi simu chini ya 30 weka 80 na usahau. Kama unaimaliza kila siku, achana na kikomo, washa ile ya kuchaji kwa kujirekebisha, ambayo inajifunza ratiba yako, inasubiri kwenye 80 usiku halafu inamalizia karibu na muda wako wa kuamka.

Na hilo la kuchaji usiku kucha, simu haijazwi kupita kiasi. Kuna saketi ndani inayokata ikijaa. Kinachotokea ni kwamba inashuka kidogo inaongezewa, inashuka inaongezewa, na inakaa juu usiku mzima. Kwa simu yenye kikomo au yenye kujirekebisha, iliyolazwa sehemu ngumu yenye hewa, lala usingizi wako.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wenye tableti. Tableti ya watoto au ya mapokezi au ile iliyotundikwa ukutani huwa inakaa kwenye chaja wiki nzima, mwezi mzima, inasoma 100 muda wote na skrini inawaka, joto halikosi. Hizo ndizo zinavimba. Kama tableti yako inaishi kwenye waya iwekee kikomo, na kama haina sehemu hiyo, nunua ile soketi yenye saa, iwe inapata umeme masaa machache tu kwa siku. Kazi rahisi na inaokoa tableti.

Kuisha kabisa nako kuna ubaya wake, ila simu ikizima kwa 0 bado huwa imejibakizia kidogo, kwa hiyo ikitokea mara moja moja usiwaze. Ubaya ni kuiacha hivyo imezima, wiki zinapita, ile akiba ndogo inajivuja, volti zinashuka chini ya mpaka wa usalama na saketi inakataa kabisa kupokea chaji. Tableti nyingi zilizosahaulika kwenye droo zinafia hapo. Ukitaka kuhifadhi kifaa muda mrefu kiache kwenye 50 hivi, kizime kabisa, kiweke pakavu pasipo joto, na kila baada ya miezi sita kirudishe 50.

Chaja, waya, na ile tundu ya simu

Chaja ya wati 65 haitaunguza simu ya wati 20. Simu ndiyo inayoamua ivute kiasi gani, chaja na simu zinaongea kwanza zikikubaliana ndio umeme unapanda, zisipoelewana zinabaki kwenye ule wa kawaida wa volti 5. Kwa hiyo chaja kubwa nzuri ya laptopu inaweza kuchaji na simu. Ya kuogopa ni chaja feki, ile nyepesi mkononi kama haina kitu ndani, isiyo na maandishi ya volti na ampea yanayosomeka, hiyo inaweza kutoa umeme usiotulia na ikiharibika ikapitisha umeme wa ukutani mpaka kwako. Mara nyingi ukichaji nayo utaona kioo cha simu kinaanza kujibonyeza chenyewe au kidole hakishiki vizuri, hiyo ni dalili umeme wake ni mchafu, itupe.

Chaji ya haraka sio mbaya kama watu wanavyosema. Umeona simu inavyotoka 10 mpaka 50 chap chap halafu kuanzia 80 inajikongoja? Ni kama basi, mwanzoni viti vitupu watu wanaingia wanakaa, mwishoni ni kupenya penya. Simu inalijua hilo, kwa hiyo inavuta kwa nguvu mwanzo na kupunguza juu. Kinachobaki kuwa tatizo ni joto lile lile. Ukiwa na haraka tumia ya haraka, ukiwa umelala huna haraka yoyote tumia chaja ndogo, simu itabaki ya baridi.

Simu ikichaji polepole usikimbilie kulaumu betri. Anza na waya, badilisha uone, waya mwembamba au uliokunjwa shingoni unapoteza nguvu njiani. Halafu angalia tundu. Washa tochi ya simu nyingine umulike ndani, karibu kila simu ya mfukoni ina pamba na vumbi limeshindiliwa kule mwisho mpaka plagi haiingii yote, unaisikia kabisa haifanyi ile klik. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao (sio sindano, sio pini, chuma kinachubua na kupiga shoti), kwangua taratibu ukifuata ukuta, usiguse kile kiulimi cha katikati, utashangaa kinachotoka.

Pawabanki nazo zinawachanganya watu. Imeandikwa 10,000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), simu ina 5,000, mtu anategemea kujaza mara mbili na haipati. Hiyo 10,000 inahesabiwa kwenye volti 3.7 za seli za ndani, ambayo ni wati-saa 37, yaani nishati yote iliyomo. Ikipandishwa kwenda volti 5 za kutokea inakuwa 7,400, hapo bado hujatoa kinachopotea kama joto. Kwa hiyo kujaza mara moja na nusu hivi ni haki yake, haujaibiwa. Na kwa wanaopanda ndege, kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 na iwe kwenye mkoba wa mkononi, sio begi linaloingia chini, hivyo ya 20,000 yenye wati-saa 74 inapita.

Kama ni chaji ya leo inayoisha

Hapa ni haraka tu. Mlaji mkubwa ni skrini, shusha mwanga kwanza kabla ya kingine chochote. Kama skrini ni ya OLED, ile ambayo kila nukta inajiwashia mwanga wake, mandhari nyeusi inasaidia kweli, hasa mwanga ukiwa juu, kama ni LCD haisaidii kitu kwa sababu taa ya nyuma inawaka vile vile. Mlaji wa pili ambaye watu hawamwoni ni mtandao hafifu, ukiwa sehemu yenye kijistari kimoja redio ya simu inapiga kelele kwa nguvu zake zote kutafuta mnara, ndio maana kuna siku simu imekaa mfukoni tu na chaji imekwisha. Sehemu kama hiyo washa hali ya ndege au tumia wifi kama ipo. Wa tatu ni apu zinazochungulia mahali ulipo muda wote, nenda kwenye mipangilio ya betri uone orodha ya nani amekula nini, ukikuta apu ambayo hujaifungua leo iko juu, izuie kufanya kazi nyuma ya pazia. Kufagia apu zote kila dakika hakusaidii, simu inatumia nguvu zaidi kuzifungua upya.

Kujua imechoka, na ikivimba

iPhone inakuonyesha afya ya betri kwenye mipangilio, sehemu ya betri, chini ya 80 ndio wanashauri kubadilisha. Android mpya baadhi zinaonyesha, ambazo hazionyeshi kuna apu kama AccuBattery inayokadiria, ila ipe muda wa kuchaji mara kadhaa, usiamini namba ya siku ya kwanza. Dalili ambayo haihitaji apu ni simu kuzima ikiwa 20 au 30, hasa ukifungua kamera. Ukinzani wa ndani umepanda, yaani betri inauzuia umeme kupita, kamera inaomba umeme mwingi ghafla, volti zinaporomoka, simu inazima kujilinda. Ukichomeka inawaka na inasema bado ina 25. Unaweza kuishusha mpaka izime na kuijaza yote mara moja ili kihesabio cha asilimia kijipange upya, ikirudia baada ya hapo ni betri, hakuna apu itakayoiponya.

Kuvimba ni jambo jingine na usilichelewe. Ndani gesi zimejaa. Ilaze simu chali juu ya kioo au meza iliyonyooka, ibonyeze kidogo kona, ikicheza au ikizunguka kama pia mgongo umejaa. Angalia pembeni ya skrini gizani, ukiona mwanga unapenya kwenye ufa ambao jana haukuwepo, skrini inasukumwa na betri. Hapo izime, usichaji tena hata kwa dakika tano za kuhamisha picha, usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa kwa sababu ikitobolewa inaweza kulipuka moto na moshi wake ni sumu. Iweke sehemu isiyoungua, mbali na kitanda na mapazia, na ipeleke kwa fundi hivyo hivyo ilivyo. Betri iliyotolewa isitupwe kwenye taka za kawaida, magari ya taka yanaminya na moto unaanzia humo. Mwachie fundi au pale wanapokusanya vifaa vya umeme vilivyokufa.

Ukifika kwa fundi kubadilisha, mwombe uone betri mpya kabla haijaingia, isome mAh, ikiwa simu ilitoka na 4,000 na hii imeandikwa 6,000 kwa umbo lile lile, ikatae. Uliza kama ataweka gundi au mpira mpya wa kuzuia maji, maana simu ikishafunguliwa ule wa kiwandani huwa umekatika, na kama hauwekwi basi hata kama iliuzwa kuwa inavumilia maji usiiingize nayo kwenye mvua tena.